Foleni ya Kusimama katika Ardhisafi

Aliyekwenda Ardhisafi ni Tunu binti Shemhilu, si mimi. Mimi nasimulia kama alivyonisimulia yeye, na ikiwa nimeongeza chumvi basi ni ile ya kutosha mchuzi, haikuzidi. Kwao ni Muheza. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mzee Shemhilu, fundi redio, aliyemlea mwenyewe baada ya mama mtu kutangulia mbele ya haki. Tunu alishika bisibisi kabla hajashika kalamu, na akili ile ile ya kibandani ikamfikisha mbali, akawa fundi wa kuandika programu za kompyuta. Safari yenyewe naiacha, maana safari zote ni foleni na usingizi. Tuanzie alipofika.

Ardhisafi ni nchi tajiri. Watu wake ni wapole, barabara zao zimefagiliwa, na mabango yao yanasema kwa herufi kubwa kwamba wanawahitaji mafundi kutoka nje. Wanawahitaji kweli. Wasichokitaka ni miguu yao. Wanaamini kwamba udongo wao ni safi kuliko udongo wowote duniani, na kwamba unyayo wa mgeni ukitulia juu yake unauchosha. Sheria yao ya kwanza imechongwa juu ya lango la forodha: Mguu unaotembea ni upepo, mguu uliosimama ni mche. Kwa hiyo mgeni anaruhusiwa kutembea apendavyo. Lakini akitaka kusimama, hata kwa kumjulia mtu hali, sharti akae juu ya stuli ndefu na kuinua miguu kutoka ardhini.

Stuli hiyo mgeni hawezi kuinunua wala kujichongea. Ni mali ya mwajiri. Ina muhuri wa kampuni, na chini ya kikalio imeandikwa kazi aliyoletewa mgeni, hiyo na si nyingine. Mgeni huibeba mgongoni kwa mkanda popote aendapo. Kazi ikiisha, stuli inarudi kampuni, naye anapewa siku sitini za kutembea bila kutua, hadi apate mwajiri mwingine au aufikie mpaka.

"Siku sitini? Na usingizi je?" Tunu alimuuliza ofisa wa forodha.

"Swali zuri sana, bibie," akasema ofisa, na kweli alionekana kufurahi kuulizwa. "Baraza la Ardhi lililijadili kwa siku kumi na moja. Wapo waliosema aliyelala hakusimama, basi hana kosa. Wengine wakasema aliyelala ameweka mwili mzima, na huo ni mzito kuliko nyayo mbili. Mwishowe ikaamuliwa kitanda cha mgeni kiwe na miguu. Ukianguka kitandani, andika maelezo."

Tunu akacheka. Anasema siku zile alicheka sana, na kicheko hicho sasa kinamwasha.

Alicheka pia alipoambiwa jinsi stuli yake ilivyopatikana. Kampuni haipewi stuli hadi ithibitishe kwamba hakuna mwenyeji anayeiweza kazi, na uthibitisho ni tangazo la mdomo, mara tatu, mahali pa hadhara. Sheria haikutaja ni hadhara gani. Basi mpiga mbiu wa kampuni alikwenda nyuma ya ukumbi wa mji, kwenye kisima kilichokauka zamani, akainama na kutangaza humo ndani: anatakiwa fundi wa programu, mwanamke, aliyelelewa na fundi redio, mwenye kovu la chuma cha moto kwenye kidole gumba cha kushoto. Karani akaandika kwamba kisima hakikujibu. Tunu akalitazama kovu lake, akaona amependwa. Haikumjia kwamba huenda wenyeji walioiweza kazi ile walikuwapo, ila hawakuwa kisimani.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya Bibi Olvena, mama mwenye sauti ya taratibu aliyewaita wafanyakazi wake familia. Kila asubuhi familia ilikutana mbele ya ubao. Wenyeji walisimama, maana kusimama kwao hufupisha mikutano. Wageni walikaa juu ya stuli zao, vichwa vyao vikipita vya wenzao, na wenyeji wakanong'ona kwamba wageni hawa wana majivuno, mbona wanatutazama kwa juu. Aliyekaa kando ya Tunu alikuwa Mekdes, mama mtu mzima kutoka nchi ya milima, mwenye maneno machache na chai kali. Ndiye aliyemfundisha kuweka kitambaa chini ya mkanda ili stuli isimchubue bega.

Ndiye pia aliyemweleza habari ya Cheti cha Kusimama. Mgeni akishakaa kwenye stuli miaka mingi, jina lake huingia kwenye foleni. Foleni hii si ya watu, ni ya mafaili, katika Idara ya Nyayo. Faili likifika mbele, mgeni huitwa uwanjani, huvua viatu, na mbele ya mashahidi wawili huweka nyayo zake chini na kusimama. Basi. Tangu hapo ni mtu kama watu. Ila mgeni akitoka nchini zaidi ya siku kumi na nne, faili lake linarudi mwisho, kwa kuwa, wanasema, mche uliong'olewa haudai umri wake. Kwenda Muheza na kurudi, njia peke yake ilikula siku kumi na mbili.

Ndiyo sababu Tunu hakwenda kwao. Si kwamba hakutaka. Kila Ijumaa alipiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekaa au umesimama?"

"Nimekaa, baba."

"Haya. Ukisimama utaniambia."

Likawa ndilo neno lao, mzee akilisema kwa utani. Tunu naye alikuwa amejiapia kitu kimoja: atakwenda kwa baba yake na cheti mkononi, akae naye mwezi, akae naye msimu mzima, bila kuhesabu siku. Kwa ajili ya hilo alivumilia yote, na mwaka wa sita ukaingia.

Mwaka huo Idara ya Nyayo ilichoka na makarani wake. Walikuwa wazee, polepole, na mafaili yao yalinuka vumbi. Ikaipa kampuni ya Bibi Olvena kazi ya kutengeneza mtambo utakaoiendesha foleni wenyewe. Bibi Olvena akamweka Tunu mbele ya kazi hiyo, akamwahidi jambo: mtambo ukiwa tayari kabla ya Sikukuu ya Udongo, kampuni itamwandikia barua ya sifa, na kwa barua hiyo foleni yake itabaki mwaka mmoja tu. Tunu hakulala vizuri juma zima kwa furaha.

Akaenda Idara kujifunza kazi ya makarani. Aliyempokea ni Bwana Tarafu, karani aliyetumikia miaka thelathini, mwenye mikono ya mikunjo na tabia ya kufuta meza isiyo na vumbi. Akamwonyesha droo sita za mafaili, na Tunu akaziandika zote sita kwenye daftari. Alipotaka kuaga, mzee akamwita.

"Binti, umezihesabu droo?"

"Sita."

"Na hii?" Akavuta droo ya saba chini ya meza yake, fupi, isiyo na namba.

"Hiyo haimo kwenye orodha."

"Haimo," akakiri Bwana Tarafu. "Mgeni akifiwa kwao, au mzazi wake akiwa taabani, faili lake huanguka humu. Huanguka tu. Lililo humu halihesabiwi siku. Mwenyewe akirudi, awe amekaa siku thelathini au hamsini, mmoja wetu huliokota na kulirudisha mahali pake. Nilikuta ikifanywa hivyo nilipoanza kazi."

"Kwa hiyo mnavunja sheria."

"Tunavunja. Nakuomba mtambo wako nao uwe na droo hii."

Tunu akafikiri. Anasema alijua papo hapo kwamba jambo lenyewe ni mistari saba ya programu, haizidi. Lakini mtambo ulipaswa kufanya yaliyoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, na karatasi haikutaja droo ya saba. "Nipe kwa maandishi, mzee wangu," akasema, "nami nitaiweka."

"Nikiiandika wataifunga kesho. Imeishi kwa sababu haijaandikwa."

"Basi na mimi sina la kufanya."

Bwana Tarafu akairudisha droo taratibu, akachukua kitambaa akafuta meza. Sikukuu ya Udongo ilikuwa imebakiza wiki tano.

Hapa ndipo ninapomkasirikia Tunu, na nilimwambia hivyo usoni. Maana Mzee Shemhilu alikuwa na kanuni moja ya ufundi aliyomfundisha tangu utotoni, na hakuna mtoto wa Muheza aliyepita kibandani asiyeijua. Ukifungua redio kuukuu ukakuta waya usioujua kazi yake, usiukate. Aliyeuweka alikuwa na sababu. Tunu aliijua kanuni hiyo kama ajuavyo jina lake. Akajiambia ile ilikuwa ya redio.

Mtambo ukawa tayari siku nne kabla ya sikukuu. Ulikuwa safi, hauna mlango wa pembeni hata mmoja, na Tunu aliuonea fahari. Siku ya kuuwasha, maofisa wote wa Idara walikuwapo. Mtambo ukasoma mafaili yote, ukafika kwenye droo ya saba iliyokuwa imemwagwa mezani, ukasoma pia na alama za zamani zilizobaki kwenye mafaili yaliyowahi kupita humo, na baada ya dakika tatu ukatangaza kwamba umegundua kasoro ishirini na tatu na umezirekebisha zote. Wenyeji wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Bibi Olvena akamkumbatia Tunu juu ya stuli yake. Bwana Tarafu hakuwapo, alikuwa amestaafishwa asubuhi ile na meza yake kufunguliwa.

Kesho yake Mekdes alikuja kazini kama kawaida, akamimina chai vikombe viwili, kimoja akamsogezea Tunu.

"Ile sehemu ya kuhesabu siku," akasema, "ni wewe uliyeiandika?"

"Ni mimi."

"Niliona jina lako chini." Akanywa chai. "Miaka minne iliyopita nilikwenda kumzika mama yangu. Siku thelathini na moja. Hadi juzi, baada ya miaka tisa ya foleni, nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nisimame, Tunu. Sasa mimi ni wa mwisho kabisa. Nyuma yangu hakuna mtu."

Tunu akaweka kikombe chini.

"Sikulaumu," akasema Mekdes. "Karatasi haikusema."

Afadhali angemtukana. Tangu siku hiyo Mekdes aliihamishia stuli yake upande wa dirishani, na chai akawa anamimina kikombe kimoja.

Tunu akajaribu kurekebisha. Nampa haki yake, alijaribu. Akamwendea Bibi Olvena na mistari yake saba mkononi. Bibi Olvena akaisoma, macho yakamlengalenga, akasema ni jambo zuri sana, la kibinadamu, ila sasa mtambo ni mali ya Idara. Idara ikasema badiliko lolote ni la Baraza. Katibu wa Baraza akampokea kwa heshima na kumweleza kwamba wajumbe wangefurahi kulijadili, isipokuwa mtambo haujalalamikiwa na mtu.

"Mimi ndiye ninayelalamika," akasema Tunu.

"Nakuelewa, bibie. Lakini kanuni inasema malalamiko hupokelewa kutoka kwa mtu aliyesimama."

Ikapita miezi miwili. Barua ya sifa ilitiwa saini, faili la Tunu likaruka mbele, ikabaki miezi kumi. Jumatano moja asubuhi, akiwa kazini, simu ikalia. Alikuwa Shangazi Mwanakombo, dada yake baba, na Tunu alipoisikia sauti yake siku isiyo Ijumaa, akajua si heri.

"Baba yako yu taabani, mwanangu. Ni figo. Wanasema tumwombee tu. Anakuuliza wewe."

"Mpe simu, shangazi."

Pakawa na mkwaruzo, kisha pumzi ndefu ya mzee. "Tunu. Umekaa au umesimama?"

"Nimekaa, baba. Bado miezi kumi. Miezi kumi tu nisimame."

"Miezi kumi mimi sina. Utakuja?"

Tunu akaeleza. Alieleza upesi upesi, kama mtu anayemweleza ofisa: siku kumi na nne, njia siku kumi na mbili, faili, mwisho wa foleni, miaka sita kupotea. Mzee akamsikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, alikuwa akitaka kuelewa kitu kilivyofungwa, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Hawana nafasi ya mtu mwenye mgonjwa?"

"Ilikuwapo, baba. Sasa haipo."

"Huyo aliyeiondoa," akauliza Mzee Shemhilu, "yeye hana baba?"

Tunu hakujibu. Anasema angeweza kujibu wakati ule, mzee bado anasikia, na labda mzee angecheka, angemwambia pumbavu we, njoo tu. Mzee akadhani simu imekatika, akasema, "Halo? Halo?" kisha shangazi akaichukua.

Siku tisa alizunguka chumbani kwake akihesabu. Akienda mara moja, atakaa na baba siku mbili, arudi bila kupoteza kitu. Lakini siku mbili zitatosha nini? Na je, akipata nafuu? Wagonjwa wa figo wangapi wamepata nafuu? Asubuhi ya siku ya kumi aliamua aende, litakalokuwa na liwe, na alikuwa anafunga mzigo shangazi alipopiga simu kumwambia wameshamzika.

Kampuni ilimpa pole. Kadi ilipita meza zote, kila mtu akaandika neno, na Bibi Olvena mwenyewe akamletea stuli mpya yenye mto laini wa sufi, maana alisema wafiwa wanahitaji kukaa vizuri. Mekdes hakuandika kwenye kadi. Alikuja na vikombe viwili vya chai, akaweka stuli yake karibu, akakaa naye hadi chai ikapoa. Kisha akasema, "Nenda. Usifanye hesabu tena." Tunu akamwomba msamaha, na Mekdes akaupokea kwa kutikisa kichwa, lakini miaka yake tisa haikurudi, na wote wawili walijua.

Stuli yenye mto Tunu aliikabidhi langoni. Ofisa, yule yule mpenda maswali, akamkumbusha kwamba msiba umeshapita, kwa nini sasa aipoteze foleni kwa mtu ambaye hamkuti? Tunu akatembea akavuka mpaka.

Alifika Muheza siku tatu kabla ya arobaini. Nyumba ilijaa watu, wanawake wakichambua mchele uani, na wote wakanyanyuka kumlaki kwa kilio. Tunu akalia nao, akiwa anatembea. Akawapa mkono mmoja mmoja bila kutua, akapita sebuleni, akatokea uani, akarudi tena mbele. Watu wakapishana naye. Wakasema ni uchungu, mwacheni.

Shangazi Mwanakombo akamshika mkono, akampeleka kibandani. Mezani palikuwa na redio moja kuukuu, mgongo wazi, na ndani yake waya mmoja wa njano umefungwa uzi mwekundu.

"Hii ndiyo ya mwisho baba yako kuigusa," shangazi akasema. "Mafundi wenzake walikuja kuimalizia, akawakatalia akiwa kitandani. Alisema waya huo hajaujua kazi yake, asiukate mtu, mpaka uje wewe uutazame."

Tunu aliutazama waya. Akatoka, akalizunguka kaburi la baba yake lililokuwa nyuma ya kibanda, udongo wake bado mwekundu, akalizunguka tena, na tena. Shangazi alimfuata mzunguko wa kwanza na wa pili. Wa tatu pumzi zikamwishia, akabaki pale pale amejishika kiuno.

"Ni mimi, shangazi," Tunu akasema akipita mbele yake. "Ile nafasi, aliyeiondoa ni mimi. Aliniuliza, nikanyamaza."

Shangazi Mwanakombo hakujua ni nafasi gani, wala imeondolewa wapi. Aliona miguu ya mtoto wa kaka yake imejaa vumbi na haitulii. Mzunguko uliofuata akamkingia njia, akamshika mabega yote mawili.

"Simama basi, mwanangu," akamwambia. "Simama kwanza. Hapa ni kwenu."

Tunu akatazama chini, akatafuta pa kuinulia miguu.